Kivuko cha Katikati

3 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua chako kinasemaje? Mama anasema Jumapili kwenye simu ulikohoa mara nyingi, ukasingizia vumbi la saruji. Naomba ufunge kitambaa puani hata kama wenzako hapo kambini wanakucheka. Sisi huku hatujambo. Mama bado anatoka alfajiri kwenda kuoka mikate, miguu ya Bibi ni ile ile, na mimi nasoma.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu siwezi. Nikipewa, Mama ameshasema yote, nabaki na "ndiyo Baba, ndiyo Baba," halafu inakatika. Kwenye karatasi hakuna anayenisubiri nimalize.

Habari kubwa ni mtaro. Halmashauri imeamua kuchimba mtaro wa maji ya mvua katikati ya mtaa wetu, kuanzia barabara kuu hadi bondeni. Watu wamefurahi mno. Nani amesahau mwaka jana tulivyopandisha magodoro juu ya meza, na viatu vyako vya harusi vikaelea mpaka kwa kinyozi jirani yetu? Kinyozi anasema ile ndiyo mara ya kwanza viatu vyako kutembea bila kubana mtu.

Lakini mchoro umebandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa, nami niliusoma wote, pamoja na maandishi madogo ya chini. Mtaro utakuwa na upana wa mita moja na nusu, na kina kinachozidi kimo changu. Vivuko ni viwili tu, kimoja barabara kuu, kingine bondeni. Sisi tuko katikati. Ule mlango wa chuma tulioulaza juu ya kifereji mbele ya nyumba utaondolewa.

Unajua ule mlango ni nini kwa Bibi. Kila asubuhi, Mama akiwa kazini na mimi shuleni, Bibi huvuka na fremu yake ya kutembelea, hatua kumi na nne, hadi kwa shoga yake, yule ambaye mtaa mzima unamwita Bibi wa Ng'ambo. Hushinda huko mpaka nirudi. Asipovuka, hana mtu wa kuzungumza naye kutwa nzima.

Kwa hiyo Jumamosi ulifanyika mkutano. Mwenyekiti wa mtaa akauliza ni nani ataandika barua ya kuomba kivuko cha katikati. Fundi Cherehani akasema, "Si yupo yule msichana wa vitabu? Yule hata akisalimia anaweka nukta." Watu wakacheka, wakanichagua. Sikuweza kukataa, maana kukataa nako kunataka kusema.

Nimeiandika kwa siku tatu. Nimefuata mwalimu alivyotufundisha, kwamba barua kwa wakubwa ianze kwa heshima. Aya ya kwanza nimeipongeza halmashauri kwa mradi. Ya pili nimeshukuru. Ya tatu nimeeleza historia ya mafuriko. Ya nne nimewatakia mafanikio. Ya tano ndiyo ombi, kwa upole: "Na endapo itaonekana inafaa, tungefurahi pia kufikiriwa kivuko cha katikati." Watu arobaini na mmoja wametia saini. Wengi hawakuisoma, walisema tu kwamba mwandiko ni mzuri.

Ni mimi,
Binti yako


11 Februari

Karani wangu,

Marahaba. Kifua kipo, na kitambaa nimefunga. Wamenicheka kama ulivyosema. Sasa wananiita Bibi Harusi.

Barua yako ameileta dereva wa lori la nondo. Niliisoma wakati wa chai, na wenzangu wakataka niwasomee. Nilipofika kwenye viatu, fundi bomba alicheka mpaka akajimwagia chai. Mwambie kinyozi vile viatu havibani, ni miguu yake yeye iliyokaa kama mihogo alipoviazima.

Mwanangu, nina neno moja. Hapa kambini nimezoeana na karani wa ofisi. Barua zikija anasoma mwanzo, anatupia jicho mwisho, anagonga muhuri. Ombi lako liko aya ya tano. Nani atafika huko? Labda halmashauri yenu ina watu wenye subira. Naomba iwe hivyo.

Na jambo la kifundi. Kivuko huwekwa kabla kuta za mtaro hazijafungwa juu. Zikishafungwa, hakuna mhandisi atakayekubali zibomolewe kwa ajili ya hatua kumi na nne za bibi mmoja, hata kama bibi huyo ndiye mama yangu mzazi. Kwa hiyo uwe macho.

Niambie lolote litakalotokea, hata kama si zuri.

Baba yako


26 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini unaendelea vizuri, na kwamba lile jina la Bibi Harusi wamelisahau. Mama hajambo. Mimi nina afya, lakini sina raha.

Ulisema kweli. Jibu limekuja, na Mwenyekiti alilisoma mbele ya watu wote: "Halmashauri inawashukuru wakazi kwa kuunga mkono mradi kama ulivyobuniwa." Basi. Watu walipandwa na hasira. Fundi Cherehani akasema, "Tunawaandikia barua nzuri vile, wao wanajibu kama wanaoota!" Wote wakasema halmashauri imetupuuza. Mimi nilikaa nyuma nikiangalia viatu vyangu. Baba, halmashauri haikutupuuza. Walisoma nilichoandika. Nilichoandika kilikuwa pongezi.

Jumatatu ulikuja mtambo wa kuchimba. Ule mlango wa chuma uliinuliwa mara moja tu, kama mtu anavyoondoa kifuniko cha sufuria. Bibi alitazama kutoka dirishani. Siku mbili alikaa karibu na redio bila kuiwasha.

Siku ya tatu akaburuta kiti chake mpaka ukingoni. Ng'ambo ya pili Bibi wa Ng'ambo naye akaburuta chake. Wakaanza kuzungumza juu ya shimo, mtambo ukinguruma pembeni. Nilikuwa nimetoka shule, nikawasikia tangu kwenye kona.

"We shoga! Umelala?" Bibi wa Ng'ambo akaita.

"Nilale wapi, na hili dubwana linakoroma kama mume wangu wa kwanza!" Bibi akajibu.

"Aliyekuwa akikoroma ni wa pili!"

"Wa pili alikuwa anajifanya, ili nisimwamshe akateke maji! Haya, umesikia ya kinyozi?"

"Kafanyaje?"

"Kakataliwa tena! Na yule mpishi wa shule! Kasema hawezi kuolewa na mwanamume anayepaka mvi rangi!"

Kinyozi alikuwa mlangoni pake, mkasi mkononi, na mteja aliyenyolewa nusu kichwa. Mtaa mzima ulinyamaza, hata mtambo nao ukazimwa wakati huo huo. Tangu hapo ni hivyo kila siku. Tumeshajua nani anamkimbia nani, na kwamba Mwenyekiti huogopa paka.

Watu wanacheka, na mimi nacheka. Lakini ikifika mchana sauti ya Bibi imekwisha. Bibi wa Ng'ambo sikio lake moja halisikii vizuri. Jana Bibi alisema jambo mara tatu, mwenzake akawa anauliza "Ati?" mara tatu. Bibi akaacha. Nilipomsaidia kuingia ndani akaniambia, "Kuna maneno hayapigiwi kelele, mjukuu wangu."

Sijamwambia mtu yeyote kwamba kosa ni langu. Wewe tu ndiye unayejua. Kila mtu anailaani halmashauri, nami naitikia kwa kichwa. Nifanye nini?

Binti yako


6 Machi

Karani wangu,

Marahaba, na pole. Pole kweli, si ya kuendeleza barua.

Nikupe kisa. Mwaka wangu wa kwanza wa uashi nilijenga ukuta ukapinda. Niliuona umepinda nikiwa mstari wa nne. Niliona haya kusema, nikaendelea kupanga tofali hadi mstari wa kumi na mmoja, nikiomba Mungu unyooke wenyewe. Unajua nani aliubomoa? Mimi huyu, mbele ya wenzangu, na wakati huo saruji imeshika. Ningesema mapema ningebomoa minne tu.

Waambie. Watakuchukia siku moja, labda mbili. Fundi Cherehani hawezi kuchukia zaidi ya hapo, hana nafasi, ana nguo za watu.

Kisha andika barua nyingine, nusu ukurasa. Ombi liwe mstari wa kwanza. Mhandisi usimpe machozi, mpe vipimo. Ni dakika ngapi kuzunguka? Bibi anapumzika mara ngapi? Watu wangapi walikuwa wakivuka pale kwa siku?

Na kuhusu adabu. Kusema unachotaka si ukosefu wa adabu. Kumzungusha mtu mzima aya tano akitafuta unachotaka, huko ndiko kumsumbua. Mwalimu wako ni mtu mzuri, lakini hajawahi kuomba mtaro.

Mwambie Mama barua yake nimeipata na nitaijibu. Huku wameanza kujenga kuta, hatulali mapema. Kwenu nako watakuwa wameanza, kwa hiyo usikawie.

Baba yako


24 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Naandika nikiwa mzima, na Mama anasema umwandikie upesi kama ulivyoahidi, siku zinahesabika.

Nimewaambia. Nilishindwa kusema, kwa hiyo niliandika kwenye karatasi nikampa Fundi Cherehani aisome mkutanoni. Aliisoma kimya kimya, akanirudishia. "Soma mwenyewe," akasema. "Mimi nitaishika, isitetemeke." Akasimama kando yangu akiishika kwa mikono miwili, nami nikasoma.

Nilipomaliza, kinyozi ndiye aliyeanza. "Kwa hiyo mimi nimetia saini nichimbiwe shimo mlangoni?"

"Ulitia saini bila kusoma," Fundi Cherehani akamjibu. "Wewe, na mimi, na Mwenyekiti wetu hapa."

Mwenyekiti akakohoa. Kisha akasema barua ya pili isomwe kwa sauti kabla mtu hajashika kalamu. Ikasomwa. Ina mistari kumi na miwili.

Vipimo nilivipata kwanza. Jumamosi nilimzungusha Bibi kupitia kivuko cha bondeni. Dakika hamsini na tatu, akapumzika mara sita. Alipofika kwa shoga yake hakuweza kusema neno, alilala pale pale kwenye mkeka. Tulimrudisha kwa mkokoteni wa kubebea maji. Alikaa wima kama malkia, lakini alifumba macho njia nzima, na aliponiona nayaandika hayo akasema, "Andika pia kwamba nimedhalilika."

Jumanne tulikwenda mbele ya kamati ya ujenzi. Chumba kina viti vya bluu na feni isiyozunguka. Diwani anayeongoza kamati aliweka barua zetu mbili mezani, akazitazama kwa zamu.

"Hii inasema mnafurahi," akasema. "Hii inasema mnateseka. Tuamini ipi?"

Mwenyekiti akanigeukia. Fundi Cherehani akanigeukia. Safari hii hakukuwa na karatasi ya kushika. Nikasimama.

"Hiyo ya pili," nikasema. "Ya kwanza niliandika mimi. Niliogopa kuonekana sina adabu, nikalificha ombi."

Mtu alicheka nyuma. Mhandisi hakucheka. Ana miwani anayoivaa kwenye paji la uso. Aliishusha akanitazama. "Sasa unaomba nini?"

"Kivuko kimoja cha waenda kwa miguu. Katikati, mbele ya kinyozi."

"Basi?"

"Basi."

Akaandika. Diwani akasema tutajibiwa kwa maandishi. Baba, sikuweza kulala usiku ule kwa furaha. Kuta zimefika nyumba ya nne kutoka kwetu.

Binti yako


9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara tatu, ya tatu nikiwa peke yangu.

Naandika kwa haraka, dereva anawasha gari. Ulisema "kivuko cha waenda kwa miguu." Kwenye michoro ya huku, kivuko cha jina hilo huwa na ngazi. Uliza kama kina ngazi. Uliza kabla hawajamwaga zege. Nenda na Mama, au na Fundi Cherehani, usiende peke yako.

Baba yako


11 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako sijaipata bado, kama uliandika. Ningekupigia jana, lakini ilikuwa Jumatano, na wewe hupanda mlimani kutafuta mtandao Jumapili tu.

Jibu la halmashauri lilikuja, ombi limekubaliwa. Bibi alimpigia mwenzake kelele za furaha mpaka mbwa wakaitikia. Jana kabla ya shule nikapita kutazama mbao walizopanga kwa ajili ya zege. Nikamkuta nyapara wa mafundi ameshika mchoro.

"Shikamoo. Hizi ni ngazi?"

"Marahaba. Si unaziona? Tatu huku, tatu kule. Bomba la maji linapita chini, lazima kivuko kiinuke."

"Bibi yangu anatembea na fremu. Hawezi ngazi."

"Binti, mimi nafuata karatasi. Karatasi ikisema nisimame kwa kichwa, nasimama kwa kichwa. Zege ni kesho saa nne."

Mama alikuwa kazini, Fundi Cherehani alikuwa amekwenda kununua vitambaa. Halafu sikwenda shule. Nilikwenda ofisi ya mhandisi na sare yangu, bila barua.

"Wewe tena?" akasema.

"Ngazi zitoke, uwekwe mteremko," nikasema. "Bibi anatembea na fremu."

Nilisahau hata kumwamkia. Nilimwamkia baadaye.

Alishusha miwani, akachora. Mteremko mzuri unataka mita tano na nusu kila upande. Ng'ambo ya pili kuna uwanja. Upande wetu hakuna nafasi ya kwenda moja kwa moja, lazima ukunje kona na kupita mbele ya mlango wa kinyozi, juu ya baraza lake, pale wanapokaa wateja wakingoja. "Akitia saini kabla ya saa tisa, nabadilisha," akasema akinipa karatasi. "Asipotia, ni ngazi."

Nilimkuta kinyozi akinyoa. Nikamweleza. Hakugeuka.

"Ni kwa ajili ya bibi yako? Yule aliyenitangaza hadi bondeni?"

"Ndiye."

"Unajua juzi mteja kaniuliza rangi naipata duka gani?"

"Samahani."

"Baraza hili nimelikalia miaka tisa." Akanyoa kidogo. "Na nikikataa, hao wawili watakaa wapi?"

"Pale pale ukingoni. Wataendelea kuitana."

Mkasi ukasimama. "Na wakipata mteremko?"

"Bibi atavuka. Watakaa ndani."

"Mlango umefungwa?"

"Nitawaomba."

Mteja akaangua kicheko, kinyozi akampiga bega kwa kitambaa. Kisha akavuta kiti, akaichukua karatasi ya mhandisi, akaisoma yote, na maandishi madogo ya chini, kidole kikifuata mstari. "Lete kalamu," akasema.

Nilifika kwa mhandisi saa nane na dakika arobaini. Leo asubuhi nyapara amevunja mbao za ngazi. Kinyozi mwenyewe amelihamishia benchi lake dirishani, na alipoona namtazama akasema, "Nenda shule."

Mwalimu amenipa adhabu kwa jana. Nimeifanya.

Binti yako


14 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Tunashukuru kusikia kifua kimetulia na kwamba utakuja mwisho wa mwezi. Ile barua yako ya ngazi ilifika siku nne baada ya zege. Nimeiweka.

Uliuliza Bibi atavuka lini. Zege ililazwa wiki tatu chini ya magunia yaliyolowana. Kila asubuhi Bibi alikuwa akimwuliza nyapara kama imeiva, na nyapara akawa anamjibu, "Bado, Mama, chumvi haijakolea." Jumatatu wakafungua. Bibi alijitanda khanga yake mpya. Nilimfuata hadi kwenye ile kona ya mbele ya kinyozi, akasimama akasema, "Unanifuata kama askari. Rudi." Nikarudi. Alikwenda polepole, fremu kwanza, miguu baadaye. Bibi wa Ng'ambo alikuwa amesimama mwisho wa mteremko, mkono ukutani. Sikusikia walichosema. Waliingia, na mlango wakaufunga wenyewe, bila kuombwa.

Siku hizi ikifika saa nne kinyozi hutoka na kutazama ng'ambo. Jana aliniuliza, "Kwani hawa sasa wanazungumza nini?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Wangeacha hata dirisha."

Uliuliza pia Bibi anataka umletee nini ukija. Nitamwuliza akirudi. Sasa ni saa kumi na moja na nusu, Mama amesharudi kutoka kazini, chai tumeipasha moto mara mbili, na yeye bado yuko ng'ambo.

Binti yako